Blanketi la Kilatini

Mimi nafundisha Kiingereza, na katika ukoo wetu hilo linatosha kunifanya mkalimani wa kila kitu: maelezo ya dawa za mifugo, ujumbe wa simu, na siku ile hospitalini Katesh, maneno ya daktari wa baba yangu.

Baba alikuwa na haraka ya kurudi kijijini kwetu Hirbadaw. Ng'ombe wake alikaribia kuzaa, na hakutaka mtu mwingine amkamue. Aliumwa tumbo, lakini wasiwasi wake ulikuwa zizini.

Daktari, mgeni kutoka mkoa mwingine, alimwamkia mzee shikamoo, akampapasa tumbo, kisha akanigeukia.

"Mwalimu, hapa imebaki palliative tu." Akahamia kitanda cha pili.

"Amesemaje?" baba akauliza.

Nilielewa vizuri mno. Hawamponyi tena, watamtuliza maumivu mpaka mwisho. Kiswahili cha kusema hivyo ninacho, na lugha ya nyumbani ninayo. Mdomo ndio uligoma. Nikakimbilia Kilatini nilichokaririshwa seminari.

"Neno limetoka mbali, baba. Warumi walikuwa na vazi la kujitanda mabegani, wakiliita pallium. Kutoka hapo wakapata neno la kufunika. Waingereza nao wakalichukua."

Nilisikia sauti yangu ya darasani na nikajichukia. Mzee anakufa, mimi nafundisha asili ya maneno!

"Blanketi," akasema baba.

"Kama blanketi, ndiyo."

"Ninalo."

Kweli alikuwa nalo miguuni, lile jekundu waliloleta wakwe wa Endagikot mtoto wao alipomwoa dada yangu. Kwetu binti haondoki nyumbani kabla baba yake hajaletewa blanketi. Nikacheka, nikidhani nimepona.

Baba hakucheka. "Na chini ya hilo blanketi," akauliza, "ugonjwa unatoka?"

Kilatini changu kikaishia hapo. Nikabaki nanyoosha pindo la blanketi ambalo halikuwa limekunjamana. Alinisubiri kwa upole, kama alivyonisubiri nilipokuwa najifunza kusoma.

Kisha akalivuta blanketi mpaka kifuani.

"Mpigie simu mdogo wako," akasema. "Mwambie ng'ombe akizaa, amkamue yeye."