Kihenge cha Kulaza Kuku

Jumatatu, tarehe 8 Septemba 2025. Jua lilitoka bila wingu hata moja, na kufika saa nne upepo wa mashariki ulikuwa umeshaanza kurusha vumbi la mashamba yaliyovunwa pamba. Mvua bado.

Mchana wa siku hiyo Minza alirudi kutoka kwenye kikao cha kikundi cha akina mama wa Ngulyati akitembea haraka kuliko kawaida yake. Mumewe, Mihayo Bujiku, alikuwa kivulini mwa nyumba akichuna magome ya fito. Alimtazama mara moja tu akajua kuna jambo.

"Mitetea wanakuja Jumamosi," Minza alisema kabla hata ya kukaa. "Kumi kwa kila aliyefikiwa na zamu. Lakini Ijumaa afisa mifugo anapita nyumba kwa nyumba. Asiye na banda, kuku wake wanakwenda kwa anayefuata kwenye orodha."

"Anayefuata ni nani?"

"Mke wa Yakobo."

Mihayo alicheka kwa pua. Yakobo, jirani yao, alikuwa fundi mwashi, na banda lake la tofali lilikuwa limesimama tupu tangu mwezi wa saba likisubiri zamu ya mkewe.

Minza hakucheka. Zamu hii ameingoja miaka miwili. Kuku wake watano wa kienyeji walikuwa wakilala jikoni, nyuma ya mafiga, na kila asubuhi kazi ya kwanza ilikuwa kufagia uchafu wao kabla ya kuwasha moto. Walikuwa tisa. Wanne walichukuliwa na kicheche usiku ambao mlango wa jiko ulisahauliwa. Na kwa ajili ya mitetea hao kumi alikuwa ameshazungumza na mama mmoja mwenye mgahawa karibu na stendi ya Bariadi, kwamba mayai yatakuwepo.

"Tofali hatuna, bati hatuna, wavu hatuna," alisema. "Na siku ndiyo nne tu, Baba Masele."

"Fito tunazo," alijibu Mihayo.

Alizaliwa Lingeka, huko Meatu, na kazi ya kusuka vihenge, yale maghala ya fito ya kuwekea nafaka, alifundishwa na mjomba wake akiwa hajaanza kunyoa ndevu. Kihenge hakibebwi kupelekwa kwa mtu. Ghala la mita mbili kwenda juu halipiti mlangoni, kwa hiyo msukaji ndiye anayekwenda, anasuka palepale litakaposimama, na anakula kwa mwenye nyumba hadi kazi iishe. Kwa miaka thelathini na tano Mihayo alizunguka hivyo, panga begani na kisu kiunoni, mpaka akazifahamu mboga za kila nyumba kati ya Ngulyati na mjini.

Kila kihenge chake kilifanyiwa mtihani uleule. Udongo ukishakauka, aliingia ndani, akaomba afunikwe, akakaa chini gizani akitazama. Akiona nukta ya mwanga, hata iwe ndogo kama punje ya mtama, alitoka akakanda udongo upya. Panapopita mwanga, alikuwa akisema, na mdudu dumuzi anapita. Watu walijua kwamba mahindi yaliyowekwa ndani ya kihenge cha Mihayo hayatoboki.

Siku hizi watu wanahifadhi nafaka kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na ghala la fito halitafutwi sana. Mihayo hakulalamika. Alihamia kwenye matenga ya kubebea kuku kwenda mnadani, na akayasuka kwa umakini uleule.

Jumanne alfajiri alisimamisha nguzo nne za mgunga, kila moja ikifika kiunoni mwake, na juu ya kila nguzo akapigilia kipande cha kopo la mafuta kilichokunjuliwa kama mwavuli, ili panya na kicheche wakipanda wagonge kichwa warudi. Juu ya nguzo hizo akatandika sakafu ya miti, kisha akaanza kusuka kwenda juu, duara, fito mbili ndani, mbili nje. Saa nane Yakobo alipita, akamsalimia rafiki yake kwa Kisukuma, salamu ya mchana.

"Mwadila, nkoi!"

"Mwadila."

"Hilo ghala ni la nini na mahindi hamna?"

"Si ghala. Ni banda la kuku."

Yakobo alishuka kwenye baiskeli yake, akazunguka ile kazi mara mbili, mikono nyuma kama mkaguzi. "Kuku wa kisasa hao, Mihayo. Utawaweka kwenye kikapu? Wakija kwangu watalala juu ya sakafu ya saruji."

"Kwako watakuja kutembea, wakipotea njia."

"Haya. Mwambie shemeji asihangaike kupika Jumamosi. Tutamletea mayai."

Jumatano Mihayo alichanganya udongo wa kichuguu na mavi ya ng'ombe, akakandika ndani na nje, tabaka jembamba mara mbili, akilainisha kwa kiganja kilicholowa. Alhamisi saa tisa upepo ulikuwa umeshakausha kila kitu. Aliweka vijiti vya kulalia, akafunga mlango mdogo kwa bawaba za mpira wa tairi, akashusha paa la nyasi juu ya ukuta hadi likakaa kama kofia. Kisha akaingia mwenyewe, akavuta mlango, akakaa.

Giza tupu. Hakuna hata nukta.

Alitoka akijipangusa magoti. "Imekwisha," alimwambia Minza, na jua lilipokuwa likizama wakawaingiza wale kuku watano.

Ijumaa alfajiri Minza ndiye aliyefungua. Mihayo alimsikia akiita, si kwa sauti kubwa, bali ile sauti ya chini ambayo humfanya mtu aache viatu. Alipofika, joto lililotoka mlangoni lilimpiga usoni pamoja na harufu kali iliyochoma macho. Kuku wanne walikuwa wamesimama wamening'iniza mabawa, midomo wazi, wakihema. Wa tano, yule wa madoadoa, alikuwa amelala ubavu.

Minza alimtoa, akamlaza kivulini, akamdondoshea maji mdomoni tone kwa tone. Kisha akainua macho.

"Baba Masele. Matenga umesuka mangapi?"

"Sijui. Mengi."

"Kuna hata moja ulilolipaka udongo?"

Mihayo alisimama akitazama ukuta wake, ule ukuta laini usio na doa. Mahindi hayapumui, au yakipumua ndiyo yanaharibika, na maisha yake yote amekuwa akiyanyima pumzi. Mikono yake imefanya ilichozoea kufanya, na kichwa kimeifuata.

"Afisa anafika saa nne," alisema Minza.

"Saa nne ni mbali."

Alichomoa kisu. Kihenge alichokisuka mwenyewe hajawahi kukikata hata siku moja, na pigo la kwanza alilipiga kama mtu anayekata nguo aliyoivaa. La pili lilikuwa jepesi. Alibandua udongo kuzunguka duara lote, kuanzia juu ya vijiti vya kulalia hadi chini ya paa, upana wa mikono miwili, hadi fito zikabaki wazi. Kila baada ya fito mbili aliondoa moja, akiacha nafasi ambayo kidole kinapita na kichwa cha kicheche hakipiti. Sakafuni alifanya vivyo hivyo, ili kinyesi kidondoke chini. Mwisho akachonga panda fupi sita za mti, akazisimamisha juu ya ukuta, na yeye na mkewe wakalinyanyua paa na kulikalisha juu ya panda hizo. Sasa paa lilikuwa limeachana na ukuta kwa shubiri moja. Nafasi hiyo Mihayo aliizungushia mkeka wa fito aliousuka kwa mtindo wa tenga, wenye matundu.

Saa nne na nusu Felisita, afisa mifugo wa kata, alishuka kwenye pikipiki. Alikuwa binti mrefu, mpole kwa maneno na mkali kwa macho. Alitoa tepu akapima ndani, ukuta hadi ukuta. "Mita mbili. Kumi na tano wanatosha bila kubanana." Akatikisa nguzo, akagusa vipande vya kopo, akatabasamu. "Hizi nitawaonyesha wengine." Akamgeukia Minza, akimwita mama kwa Kisukuma. "Mayu, umeshawalaza kuku humu?"

Minza alimgusa mumewe kwa kiwiko. Mihayo aliuelewa vizuri mguso ule.

"Walilala jana," alisema. "Nilikuwa nimeziba kila mahali kama ghala. Walikosa hewa, mmoja ndiye yule pale kivulini. Leo asubuhi nimekata. Kosa ni langu, si la banda."

Felisita alimtazama kuku wa madoadoa, aliyekuwa sasa amekaa akipepesa macho. Akaandika kitu, akakifuta.

"Siwezi kupitisha kitu ambacho sijaona kuku wakiamka ndani yake wakiwa wazima," alisema. "Gari la mitetea linafika kwenye ofisi ya kata saa mbili kesho. Nitapita hapa saa moja. Wawekeni tena leo, wote watano."

Alipoondoka, Minza alishusha pumzi. "Ungenyamaza tu."

"Angenusa," alisema Mihayo. "Na kesho watalala vizuri."

"Unajua?"

"Mara hii nimesuka tenga."

Kesho yake, Jumamosi, Mihayo aliamka kabla jogoo wa Yakobo hajawika. Alifungua mlango mdogo akasogea kando. Kuku walitoka wakigombana kwa njaa, mmoja, wawili, watatu, wanne. Yule wa madoadoa alitoka wa mwisho, akaruka chini, akajikung'uta manyoya, kisha akamdonoa Mihayo kidole cha mguu. Mihayo aliinama, akaingia ndani hadi kiunoni, akavuta hewa. Ilikuwa baridi, na ilinuka nyasi. Akajivuta mzima, akakaa, miguu ikielekea mlangoni. Jua lilikuwa linachomoza, na mwanga ulimwangukia magotini kwa mistari, mingi kiasi kwamba aliacha kuihesabu.

"Mwangaluka," sauti ya Felisita ilitoa salamu ya asubuhi kutoka nje. "Mayu, mbona naona miguu? Mzee naye yumo kwenye orodha ya kikundi?"

"Huyo ndiye jogoo," alijibu Minza.

Felisita aliwatazama wale watano wakiparua majivu, akachungulia ndani, akaweka tiki kwenye karatasi yake akiwa bado anacheka. Mihayo alitoka, akafunga tenga lake kubwa kuliko yote nyuma ya baiskeli, akalikaza kwa mpira, akaelekea ofisi ya kata kuwachukua mitetea kumi wa mkewe.