Jicho Moja la Severina

Wifi yangu Severina, hapa Iguguno, ana jicho moja tu. La kushoto lilikufa kwa surua akiwa mtoto. La kulia ndilo lililompa jina, maana hakuna anayepepeta alizeti kama yeye. Lilipoingiwa na mtoto wa jicho, tukampeleka mjini akafanyiwa upasuaji. Kesho yake bandeji ilipofunguliwa alinitazama weee, akasema, "Kumbe umezeeka, wifi." Nikamwambia ajitazame kwenye kioo kwanza.

Alipewa matone na kadi ya kurudi baada ya wiki tano, akaambiwa akae mbali na vumbi. Lakini mwezi wa sita huku kwetu kila uwanja unapigwa alizeti, na mwanamke anayejifungia ndani wakati huo atasemwa mpaka achoke. Wiki ya tatu alikuwa uwanjani na ungo wake, kanga imemziba pua, jicho liko wazi. Siku chache baadaye likawa jekundu, likauma, akawa anaona kama moshi.

Hapo ndipo mimi, na domo langu hili, nikamwambia, "Vumilia. Dawa inayouma ndiyo inayoponya." Ndivyo mama zetu walivyotuambia wakituosha vidonda. Akavumilia siku kumi, kwa sababu nimesema mimi.

Mume wangu Naftali, ambaye ni kaka yake, ndiye aliyekataa kungoja kadi. Tukamrudisha Severina hospitali. Daktari alichungulia muda mrefu, akavuta maji ya jicho kwa sindano yakapimwe. Majibu yakaja: fangasi wameingia ndani. Labda ni lile vumbi, labda kitu kingine, hakuweza kuapa. Ila alisema aliyepasuliwa jicho, maumivu yakizidi, anarudi siku ileile. Mimi nikatazama sakafu.

Alichomwa dawa ndani ya jicho, si mara moja, akalala wodini wiki tatu. Jicho halikung'olewa, tunamshukuru Mungu, lakini linaona mwanga na vivuli, basi. Nililia nikamwomba msamaha. Akaniuliza kama nimemaliza, maana uji unapoa.

Msimu huu nimepepeta mimi. Yeye amekaa kwenye kigoda, anasikiliza mbegu zinavyogonga ungo.

"Bado kuna makapi," anasema.

Narudia.

"Bado."

Nikalalamika kwamba mikono inaniuma.

"Vumilia, wifi," akasema taratibu. "Dawa inayouma ndiyo inayoponya."

Nikapepeta tena.