Kiti cha Germaine kwenye Ndege ya Bulaya

Germaine Chileshe wa Kamalondo hakuwahi kufika hata mji mkuu, Léopoldville, lakini mji wa Bruges, kule Ulaya, aliujua mtaa kwa mtaa. Masœur Godelieve, mtawa mzaliwa wa huko, ndiye aliyemfundisha kufuma lesi: mto wa kufumia magotini, pini zimechomekwa, vijiti vya uzi vikigongana chini ya vidole. Wakifuma, mtawa alisimulia mifereji ya maji, madaraja ya mawe, na wamama wazee waliokaa milangoni na mito yao. Miaka kumi na miwili Germaine alisikiliza. Maji na mawe hayakumsumbua. Alichotaka ni kuona wazee wale wanavyogeuza uzi kwenye kona ya kitambaa, maana kona hiyo ilimshinda, na masœur mwenyewe hakuijua.

Mwaka 1957 shirika la watawa likatoa kiti kimoja cha ndege kwa mwanafunzi wa kwenda kuonyesha kazi yake Bruges. Masœur akaandika jina la Germaine, si la Delphine, mwanafunzi mwenzake. Germaine akashona koti la sufu, akakaanga karanga za njiani, akawahoji waliokwisha kupanda ndege: masikio yanauma? Choo kiko wapi? Ndege ingeruka Jumanne.

Kikwazo kilikuwa ujane. Clément, mumewe, alikuwa amefariki miezi minane nyuma, na ofisi ya vibali vya safari ilitaka mwanaume wa ukoo wa marehemu atie sahihi. Jumamosi mchana Germaine akamwita shemeji yake, Antoine. Kulipia sahihi, alianza na kofia ya marehemu, akijua itakataliwa. Antoine akaikataa. Akampa viatu. Antoine akavitazama soli. Hapo Germaine akaitoa baiskeli, ambayo tangu asubuhi alikuwa amekwisha kuiaga.

"Karatasi natia mukono," Antoine akasema, akibonyeza kengele ya baiskeli. "Lakini shemegi, ungali bibi ya mufu. Hawajakufunga ushanga. Ukipanda ndege, Clément atakufuata."

"Atakaa wapi? Tikiti hana."

Antoine akacheka, kisha akajutia kicheko chake. "Usichezee. Mama Chanda wa Kambove ndiye wa kukufunga."

Sahihi ilikuwa mkononi. Kwenye uwanja wa ndege hakuna ambaye angemkagua kifundo cha mkono kutafuta ushanga mweupe wa mjane aliyeachiliwa na ukoo. Lakini Germaine aliwajua wakwe zake. Akiondoka hivyo, mtoto yeyote wa ukoo akikohoa, lawama ingemwangukia binti yake Edith, ambaye angebaki kwao, na mama mtu yuko Bulaya, hawezi kumtetea.

Jumapili akapanda treni kwenda Kambove, na kitenge kipya na mfuko wa chumvi. Mama Chanda, shangazi ya Clément, akavipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakikunja kitenge, akakikalia.

"Sasa nifunge, mama. Leo."

"Leo nani ataona? Baba zake Clément bako mu mugodi. Babo ndio bashahidi. Batapumzika Jumapili ingine."

"Nitaongeza kitenge kingine."

"Ongeza, mutoto wangu. Jumapili ingine."

Germaine alikuwa amewashinda wachuuzi wengi, na alijua sura ya mtu ambaye bei yake haishuki. Sura hiyo ndiyo iliyokuwa mbele yake. Usiku huo hakulala. Mmoja mmoja aliiona milango ya Bruges, wazi yote, na viti vimekwisha kutolewa nje.

Jumatatu mchana alirudi mjini, akaenda kwa masœur na koti mkononi, akamweleza habari ya ushanga.

"Mpe Delphine kiti," akasema. "Na hili koti. Litamfika magotini, lakini atapata joto."

Masœur akashika kichwa. "Germaine! Kwa ajili ya shanga?"

"Kwa ajili ya Edith." Akaliweka koti mezani. "Masœur, mwaka kesho kutakuwa na kiti kingine?"

"Sijui, mwanangu. Maskini, ninakusikitikia sana."

"Basi waandikie leo, huruma ingali ya moto."

Mtawa akamtazama, akavuta karatasi. Germaine hakukaa. Alisimama kando ya meza mpaka barua ikaandikwa yote, akaomba asomewe mahali penye jina lake, kisha akalamba bahasha na kuifunga mwenyewe.