Bao la Babu Kwenye Chumba cha Askari

Shangazi yangu ana mdomo, jamani, lakini akishika brashi hunyamaza. Alikuwa mfagiaji wa soko mpaka watafiti walipokuja kuchimba ngome ya zamani kule kilimani. Mkuu wao, dada mmoja asiyevua kofia hata akila, alimwona anavyofagia akamwambia, "Mama, mkono huo nautaka." Tangu hapo shangazi anashinda magotini, mwiko kulia, brashi kushoto, anautoa udongo kidogo kidogo. "Serikali imeniajiri nichezee matope," hutucheka, "nyie someni tu."

Ngome yenyewe waliijenga wageni waliotaka kulishika bonde zima kwa bunduki chache. Mawe yalibebwa na watu waliokamatwa mashambani, wakichapwa njia nzima. Babu yangu, yaani baba yake shangazi, alitueleza kwamba alikuwa mmoja wao. Basi tulitembea vifua mbele. Baraza la mji lilipoamua kuchonga majina ya wabeba mawe langoni, jina la babu likawekwa la kwanza, na baba akashona suti kabisa.

Sasa, ukoo wetu una bao lake. Pembeni kushoto tunachonga shimo moja la ziada, tunaliita choo, kete zilizoliwa tunazitupa humo. Babu ndiye aliyelibuni na mtaa mzima hutucheka kwa ajili yake. Hakuna mwingine anayecheza hivyo.

Asubuhi moja shangazi alikuwa akipiga brashi sakafu ya chumba cha juu, chini ya tundu la bunduki. Humo walikaa askari tu. Dada Kofia alishamweleza kwamba mbeba mawe hakuruhusiwa kukanyaga. Likatokea shimo, likatokea la pili, hatimaye safu nne zilizochongwa sakafuni. Loh, bao! Akafurahi. Akaendelea kupiga brashi, na pembeni kushoto akakuta choo.

Alikaa pale anapokaa mwenye bao, mgongo ukutani. Mbele ya macho yake lilikuwa tundu la bunduki, na ndani ya tundu bonde lote, mashamba na njia zake. Akaelewa kwamba baba yake alicheza hapo akiwa zamu. Moyo ulimpasuka, aliniambia mwenyewe.

Alilifunika bao kwa turubai akaja kwetu moja kwa moja.

"Kaka, baba alikuwa askari."

"Umelewa?"

"Choo kiko pale, kaka. Chumba cha askari."

Uso wa baba ulishuka nikamwonea huruma. Kisha akafoka, "Rudisha udongo! Unataka wanangu waitwe wajukuu wa mshika kiboko?"

"Udongo nimeutoa kwa mikono yangu. Nikiurudisha nitalala vipi?"

"Basi usinijue!"

Shangazi alirudi kilimani akamwonyesha Dada Kofia. Alipotoka huko hakwenda kwake. Alikwenda kwa Mama Mkaa, jirani yetu mzee, ambaye baba yake alibeba mawe kweli na kurudi na mguu uliovunjika, akachechemea hadi kufa. Mimi nilimfuata, maana niliogopa asije akafukuzwa akiwa peke yake.

Mama Mkaa alikuwa anachambua mkaa mlangoni.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Jina la baba litafutwa langoni. Hakubeba mawe. Alikuwa na wale wa bunduki. Nimeona nije nikwambie kabla hujasikia sokoni."

Mama Mkaa aliendelea kutenga vipande vikubwa na vidogo.

"Najua," akasema. "Baba yangu alimjua aliyemvunja mguu. Wakipishana kisimani, baba yako ndiye aliyeinamisha kichwa."

Shangazi alishika nguzo ya mlango. "Mlijua? Na mkatuacha tujisifu mbele yenu miaka yote hii?"

Mama Mkaa alijifuta mikono kwenye kanga.

"Utotoni ulikuwa ukipita hapa kila jioni umembebea baba yako bao, unaruka ruka. Nani angekuwa na moyo wa kukwambia?"

Shangazi akaketi palepale kwenye vumbi la mkaa, akalia kwa sauti.