Nilivyoacha Chaki Nikawa Karani wa Kazi

Nilifundisha miaka saba katika shule ya misheni jirani na Nkowe, na siku nilipoacha hakuna aliyenifukuza. Nalisema hili mapema kwa sababu wanangu hupenda kuwaambia watu kwamba baba yao alichukuliwa na wazungu wa karanga. Sikuchukuliwa. Nilikwenda kwa miguu yangu mwenyewe, nimevaa kaptura iliyopigwa pasi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya arobaini. Huko Nachingwea msitu ulikuwa unang'olewa ili zilimwe karanga, na kila siku walitakiwa watu wapya wa kazi. Alitakiwa pia mtu wa kuzungumza nao. Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua walifika ofisini kwa makundi, wengi wao Kiswahili chao ni cha sokoni tu, na karani aliyekuwapo, mtu wa Tanga, aliwafokea kwa maneno ambayo nusu yao hawakuyaelewa. Padri wetu akaombwa amtoe mwalimu mmoja. Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikataa papo hapo. Mimi nikasema nitafikiri, ingawa nilikuwa nimekwisha kuamua. Nilikuwa nimechoka na irabu. Tena nilikuwa nimemwona yule karani wa Tanga siku alipopita na lori, na viatu vyake vilinikaa moyoni.

Mke wangu alikuwa anapepeta mtama nilipomwambia.

"Unakwenda kufanya nini huko?" akauliza.

"Kuandika watu kazi."

"Kuandika tu?"

"Kuwaandika, kuwapanga, kusikiliza malalamiko yao. Mtu akiugua, mimi ndiye wa kumpeleka hospitali."

Akaendelea kupepeta. "Hapa pia unawaandika," akasema, "na mama zao unawajua."

Yeye alibaki na watoto. Mimi nikaenda.

Ofisi ya kazi ilikuwa banda la mabati, mchana linachoma kama tanuri. Kila aliyefika nilimuuliza jina lake, la baba yake, la jumbe wake, kijiji, na mwisho nani aarifiwe akipatwa na jambo. Yote hayo niliyajaza kwenye kadi, kisha nikasema aende kikosi gani. Sitajishusha bure: kazi ile niliiweza. Nilimkalisha mtu kwanza ndipo nikamuuliza. Nilimsemesha kwa lugha ya kwao kama naijua, na kama siijui nilimtafuta mwenzake anisaidie. Nilijifunza kwamba mtu anayeumwa kichwa kila Jumatatu ana jambo nyumbani, wala dawa ya hospitali haimfai. Ugomvi wa kambini ulipungua. Mzungu wa ofisi yetu, askari wa zamani, mfupi, mpole wa sauti, alikuwa akiniambia, "Mwalimu, wewe unajua kumweka mtu mahali pake." Jina la Mwalimu lilinifuata hadi huko, nami nililipenda.

Mwaka wa pili akaja mwanafunzi wangu wa zamani. Alikuwa kijana mzima sasa, mwana wa kiume pekee wa mjane mmoja wa ng'ambo ya Nkowe. Darasani mwandiko wake ulikuwa unashinda wangu. Alisimama mbele ya meza akiwa ameshika kofia.

"Mwalimu, nimekuja kwako," akasema. "Nasikia bohari inataka mtu wa kuandika."

Ni kweli, bohari ilitaka mtu. Lakini karani wa Tanga alikwisha kuanza kusema kwamba ofisi imegeuka ya Wamwera, watu wa kwetu, na maneno hayo yalinikera kwa kuwa yalikuwa na ukweli kidogo. Nikaogopa. Nikamwandika kikosi cha kung'oa miti.

"Miezi mitatu tu," nikamwambia. "Halafu nitakuhamisha."

"Ahsante, Mwalimu."

Miezi mitatu ikapita. Bohari ikapata mtu mwingine, wa kutoka Lindi. Kijana alikuja ofisini mara mbili, mikono imechubuka, vumbi jekundu hadi kwenye kope. "Nimepita tu kukuamkia," alisema mara zote mbili. Sote wawili tulijua hakupita tu. Nilimwambia avumilie kidogo.

Kazi ya kikosi chake ilikuwa hivi. Matrekta mawili makubwa yalikwenda sambamba yakivuta mnyororo mmoja mnene kati yao, na mnyororo ukaangusha kila mti uliokutana nao. Wanaume waliingia nyuma kukata mizizi iliyobaki. Kabla matrekta hayajaondoka, nyapara alitakiwa apige filimbi ili watu watoke. Asubuhi ile nyapara alikuwa pembeni akibishana na dereva wa lori la maji. Matrekta yaliondoka. Mti uliokuwa umeinama ukarudi upande wa watu. Wengine walikimbia.

Kijana wangu alikata roho ndani ya lori, kabla ya kufika hospitali. Waliniita mimi nimtambue.

Siku ya pili nikaamriwa kuchukua maelezo. Watu watatu wa kikosi chake walinieleza kwa Kimwera, mmoja mmoja, kila mmoja peke yake, na wote walisema jambo moja: filimbi haikulia. Niliyaandika kwa penseli, nikayatafsiri, nikayapeleka kwa mzungu. Aliyasoma mara mbili. Kisha akatazama nje kwa dirisha.

"Nyapara anasema alipiga," akasema.

"Watu watatu wanasema hakupiga, bwana."

"Andika kwamba kijana alisimama mahali palipokatazwa."

Hakunifokea wala hakunitisha. Alinisogezea karatasi safi na kidau cha wino, nami nikakaa nikaandika. Mwandiko wangu siku ile ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Nikatia sahihi yangu chini.

Mimi ndiye niliyemsindikiza maiti kwao. Mama yake alikuwa shambani kwenye mbaazi lori lilipofika, na alipoliona alikaa chini palepale. Baada ya mazishi nikamwendea na karatasi ile niliyoiandika, nakala yake ikiwa imebanwa nayo kwa pini. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo tulizungumza Kimwera.

"Alikufaje?" akauliza.

"Alisimama mahali palipokatazwa, mama."

"Wewe ulimfundisha. Alikuwa mtu wa kutosikia?"

"Hapana, mama."

"Sasa?"

Nikafungua kikopo cha wino, nikamwonyesha pa kuweka kidole gumba. Aliweka. Nikamwachia nakala, nikapanda lori.

Baada ya hapo niliendelea na kazi. Watu hudhani mtu akifanya jambo kama lile hawezi kula wala kulala. Mimi nilikula, na nililala. Nilikuwa tu siwezi tena kumtazama mtu usoni ninapomuuliza nani aarifiwe, na watu walio mbele yangu waliliona hilo, wakaacha kuniletea mambo yao.

Karanga hazikukubali. Miaka ya hamsini ilipoanza kusonga, matrekta yakaanza kunyamaza, moja leo, jingine wiki ijayo. Kazi yangu ikageuka. Badala ya kuandika watu, nikawa nawafuta. Kila Ijumaa nilisimama kwenye ngazi ya ofisi nikasoma majina, na aliyesikia lake alijua aende akafunge mkeka wake. Wengine nilikuwa nimewatoa vijijini kwao mimi mwenyewe kwa maneno matamu. Mmakua mmoja mtu mzima aliniuliza, "Mwalimu, mimi nimekosa nini?" Nikamwambia hakukosa kitu. Akasema, "Basi mbona unanisoma?" Mwishowe jina langu nalo likasomwa, na karani wa Tanga ndiye aliyelisoma. Mzungu alinipa barua ya sifa. Ilisema mimi ni mtu wa haki.

Shuleni kwetu palikuwa na mwalimu mwingine tayari. Nilikaa nyumbani miezi michache nikilima mihogo na mke wangu. Kisha nikaitwa kwenye shamba la mkonge upande wa Lindi, kazi ileile. Kabla ya kuitikia, nilichukua baiskeli nikaenda kwa yule mama.

Nilimkuta barazani na binti yake, ambaye naye alikuwa amesoma kidogo misheni. Nikapewa kigoda. Nikaanza kueleza, nikakwama, nikaanza tena. Aliniacha mpaka nikamaliza.

"Wenzake waliniambia siku ya kumaliza matanga," akasema. "Na huyu aliisoma karatasi yako. Nilijua tangu siku zile."

"Hukuja kuniuliza, mama."

"Nilikuuliza. Hapa hapa nilikuuliza."

Akamtuma binti alete daftari lake na penseli.

"Andika nyingine," akaniambia. "Andika ilivyokuwa."

Nilimwambia karatasi hiyo haitafika popote, ofisi imefungwa, mzungu amekwenda kwao, mimi si karani wa mtu. Akasema hajaniuliza itafika wapi. Basi nikaandika juu ya goti langu: filimbi, nyapara, lori la maji, majina ya wale watatu, na kwamba kijana aliomba kazi ya bohari nami nikamnyima kwa woga. Binti akaisoma kwa Kimwera. Mama alimkatiza mara moja tu, pale nilipokosea umri wa mwanawe. Nikarekebisha.

Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba. Aliniambia niwahi, mvua ilikuwa inajikusanya upande wa Nanganga.

Mwezi uliofuata nilianza kazi kwenye mkonge. Mwaka wa pili nikiwa huko, mtu wa Nkowe aliyekuja kutafuta kazi aliniambia yule mama amefariki, wamekwisha kumzika zamani. Nilimkalisha yule mtu, nikamletea maji ya kunywa, kisha nikamuuliza jina lake.