Mti wa Kijapani juu ya Kitovu cha Zuhura

Nawakumbuka wote waliokuwepo siku ile, mwanangu. Alikuwepo mavyaa wangu, Bi Mwanakombo, mama wa mume wangu, ndiye mwenye nyumba. Alikuwepo Riziki, mke wa shemeji yangu Athumani, na binti yao Zuhura ambaye alikuwa hajaota hata jino. Alikuwepo jirani yetu Kadzo, Mgiriama wa upande wa Kaloleni, alianza kwa kutuuzia mchicha mwisho akawa ndugu. Na mimi, mke wa mwana mkubwa. Wanaume hawakuwepo. Mume wangu Bakari alikuwa kazini bandarini, na Athumani alikuwa baharia, yuko melini, huko huko alikoutoa mti ulioleta haya yote.

Nayaandika kwa ajili yenu mnaojenga sasa huku Kisauni na Likoni, maana naskia mwaitaka ile miti ya Kijapani yenye majani mekundu, mmeiona kwenye picha. Mimi niliiona kwa macho. Kaa kitako, nikueleze kwa taratibu.

Ilikuwa miaka ya themanini, Zuhura yungali mchanga kabisa. Riziki alikuwa amezika watoto wawili kabla yake, mmoja hakumaliza wiki. Kwa hivyo huyu wa tatu tulimlea kwa kuvuta pumzi polepole, kana kwamba tukipumua kwa nguvu ataondoka. Athumani akaja na meli, na miche mitatu imefungwa kwa gunia lililoloweshwa maji na kuvumwani, ule ukoga wa kijani uotao mawe. Alivyoipitisha geti la bandari mimi sijui, na sikuuliza.

Wajapani wenyewe huuita momiji, na Wazungu huuita mepo. Jani lake, mwanangu, ni kiganja cha mtoto mchanga, na vidole vyake vyote. Mmoja ulikuwa mwekundu kama damu, mmoja wa kijani, na wa tatu majani yamechanika chanika membamba kama ukindu wa kusukia mkeka.

Athumani aliketi barazani akatueleza kama alivyoelezwa na mzee wa Kijapani mwenye bustani, kwa ulimi wa baharia mwenzake aliyeijua lugha. Huu mwekundu wataka jua la asubuhi ili usipoteze rangi, lakini jua la adhuhuri na la alasiri lauunguza. Wa kijani ndio mvumilivu, jua walistahamili kidogo. Huu wa ukindu ni mwana wa kivuli, upepo ukiupiga majani yakauka ncha siku hiyo hiyo. Na yote mitatu haitaki chumvi, si ya maji, si ya upepo, wala haitaki miguu yake isimame majini. Haya aliyasema yeye kwa kinywa chake. Yaweke hayo.

Kwetu sisi kitovu cha mtoto kikianguka huzikwa, na juu yake hupandwa mnazi. Mnazi ule ni wa mtoto. Ukizaa, madafu ya mwanzo ni yake. Mama, ndivyo tulivyomwita Bi Mwanakombo, alikuwa ameshaandaa nazi iliyochipua, ameiweka nyuma karibu na choo cha kuogea, mahali maji ya kuoga yanapopita. Kumbe Athumani ameshachimba shimo mbele ya nyumba, kando ya baraza.

"Mnazi uko nyuma, baba," Mama alimwambia.

"Mama, nani Likoni hana mnazi? Mwanangu atakuwa na mti ambao Mombasa nzima haupo."

"Hapo jua lapiga mchana kutwa. Na bahari ile pale, hata mate yake yatufikia."

"Hapa ndipo watu wanapopita, Mama."

Kadzo alikuwa amesimama na karai lake kichwani. Akauzunguka ule mche, akauangalia juu na chini. "Athumani, wazaa nini huu?"

"Hauzai kitu. Ni wa kutazama."

"Hauna nazi, hauna embe, hauna kivuli. Haki ya Mungu, hata mbuzi atauliza kabla ya kula!"

Tukacheka, na Athumani akacheka. Mama hakucheka. Alizika kitovu kwa mkono wake, akasoma alichosoma, na mti mwekundu ukasimama juu yake. Ile miwili mingine nilipewa mimi, nikaipeleka kwa baba yangu Jomvu Kuu.

Athumani akarudi baharini. Hapo ndipo Riziki alipoanza kuolewa na mti. Asubuhi, kabla ya kunawa uso, kabla ya kumtazama mtoto mwenyewe, alikwenda kuyahesabu majani. Jani likijikunja, siku hiyo hali chakula. Zuhura akipiga chafya, mama mtu mbio nje kutazama mti. Nami nilidhani ni mapenzi tu ya mtu aliyezika. Alichota maji kisimani na kuunywesha, na kisima chetu, kama visima vingi vya karibu na pwani, kilikuwa na munyo, chumvi chumvi. Twayajua maji yale, hata chai ukiyapikia haiwi chai. Lakini yeye alidhani auhurumia.

Kaskazi ikaingia. Wajua joto la kaskazi, mchanga wa uani haukanyagiki. Ncha za vidole vya yale majani zikawa za kahawia, kisha viganja vizima vikajikunja ngumi. Riziki akapanda vijiti, akatundika kanga yake kuukinga. Upepo ukaichukua kanga mpaka kwa jirani. Akaitundika tena.

Ndipo ikaja asubuhi hiyo. Nilitoka na ndoo, nikauona mti mtupu. Majani yote chini. Kabla sijasema neno nikaskia Zuhura akilia ndani, kilio chembamba, si chake. Nikaingia nikamgusa, ni moto kama chungu kilichotoka jikoni. Nikamwambia Riziki, "Mvishe, twende zahanati." Nikakimbilia kwa Kadzo kumwomba atusindikize.

Tuliporudi, mwanangu, wallahi! Riziki alikuwa amemlaza mtoto juu ya mkeka, amemwelekeza kibla. Amemfunika kanga mpya mpaka kidevuni. Ameketi kichwani pake anamsomea Yasin, kama asomewavyo anayekata roho. Na mtoto yu hai! Macho yake yazunguka, anatutazama!

Kadzo aliangusha karai. "We Riziki! Wafanya nini?"

Hakuinua uso. "Mti ushasema," alisema. Sauti yake haikuwa na machozi hata kidogo, ndiyo iliyonitisha. "Mara hii sitambeba kumpeleka na kumrudisha. Wale wawili niliwatesa kwa sindano, na walikwenda. Huyu mwacheni aende kwao kwa amani."

"Mtoto hajafa!"

"Majani yameanguka, Kadzo. Yote. Nenda katazame."

Niliinama kumchukua, akanishika mkono kwa nguvu ambazo sijui mtu mwembamba vile alizitoa wapi. Twavutana mimi naye juu ya mtoto. Mama akatokea jikoni, unga mikononi. Akatutazama, akautazama mkeka, akaitazama ile kanga mpya. Akapita katikati yetu mpaka nje, akaushika mti wa Athumani kwa mikono miwili akaung'oa. Na mizizi yake, na udongo wake. Riziki akatoa ukelele hata watu wa barabarani wakasimama.

Mama akarudi ndani na ule mti mtupu mkononi, akautupa miguuni pa Riziki.

"Ule mnazi mrefu ulio nyuma, mnaouita wa Athumani, mnaokula madafu yake kila Idi, wauona?"

Riziki akaitikia kwa kichwa.

"Si wa Athumani. Wa Athumani uliliwa na chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, Athumani akiwa anatambaa. Niliamka nikaukuta umelala chini. Nikauchimbua kabla baba yake hajatoka msikitini, nikapanda mwingine. Na mumeo huyo yuko kwa Wajapani anakula samaki. Sasa niambie, nani alikufa?"

Mnazi ule tulikuwa twauonyesha wageni! Mume wangu alikuwa na wivu nao, kwa kuwa wake ulizaa kidogo. Na mwanamke huyu alikuwa ameketi na siri ile moyoni miaka yote, anatutazama tukiyasifu madafu.

Mkono wa Riziki ukalegea. Mama akamwinua Zuhura pale kwenye mkeka, akatoka. Akatoka bila buibui. Bi Mwanakombo, ambaye hata kufunga dirisha la barazani hujitanda! Kichwa kitupu, unga mpaka kwenye viwiko, anakwenda mbio barabara ya zahanati na wanaume wanageuza nyuso ukutani kwa kumstahi. Sisi nyuma yake, na Riziki nyuma yetu, analia sasa, Alhamdulillahi, analia kama watu wanavyolia.

Ilikuwa malaria. Muuguzi alimkemea Riziki, kisha alipoelezwa habari ya wale wawili akaacha kukemea, akamshika bega. Zuhura alilazwa, akachomwa sindano zake, akapona. Leo ana watoto, na sauti yake waiskia kutoka barabara ya pili.

Athumani aliporudi alikuta shimo. Mama hakumfokea. Alimwuliza mbele yetu, "Uliniambia mwenyewe mti huu hautaki jua la mchana wala chumvi. Ukaupanda juani, usoni pa bahari. Ulimpandia mwanao, au uliwapandia wapita njia?" Athumani, mtu wa maneno yule, akaingia ndani kwa mkewe, akafunga mlango, tukamskia akimwomba radhi.

Na ile miti miwili ya Jomvu Kuu? Wa kijani baba aliuweka ubavuni mwa nyumba, upande wa macheo, ukuta unaukinga jua likigeuka. Wa ukindu aliupanda ndani ya chungu kilichotoboka, akauweka chini ya migomba karibu na kisima cha maji baridi, yasiyo na munyo, na majani makavu akautandikia miguuni. Iliishi, mwanangu. Iliishi miaka. Lakini ule mti kwao kuna baridi, hulala ukapumzika, na huku kwetu hakuna usingizi wa namna hiyo. Wa kijani ulichoka pole pole, kila mwaka majani machache. Ule wa chunguni baba aliutunza mpaka miaka ya tisini, kisha nao ukaenda. Baba hakushangaa. Alisema mgeni ameketi sana, tumshukuru.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, nakuambia waziwazi. Ukiutaka mti huo, kwanza simama hapo unapotaka kuupanda, asubuhi, adhuhuri na alasiri, uone jua lapita wapi na upepo watoka wapi. Onja maji ya kisima chako. Kama nyumba yako yatazama bahari, uache, panda mkungu au mwarobaini. Kama una kivuli na ukuta, jaribu wa kijani, na wa ukindu uweke chunguni uweze kuuhamisha, na ujue hautakuzika wewe, wewe ndiye utakayeuzika. Na juu ya yote, mwanangu, kitovu zika, mti panda, ni mila yetu na ni nzuri, lakini roho ya mtoto usiifunge kwenye tawi. Mtoto akishikwa na homa, usiende kutazama mti. Nenda zahanati.

Mola awape nyumba zenye kivuli, awape maji matamu na watoto wenye kelele, na mwenye kuzika mtoto ampe subira na amlipe mwengine wa kuishi. Amin.

Kama nimechanganya mahali, Riziki yungali hai, na Kadzo pia, watanisahihisha, sitakasirika. Majina yote ninayo ila moja. Yule muuguzi aliyemshika Riziki bega, jina lake limenitoka, nami humwombea kila Ijumaa bila jina. Anayelijua na aniambie.