Mama Tamati na Dakika Kumi za Mwisho

Saa tisa na dakika ishirini alasiri. Mlango wa pembeni wa ukumbi namba mbili unafunguka kiasi cha mtu kupenya ubavu, na mwanamke mwenye sare ya kijivu anaingia gizani bila kupapasa. Ana fagio mkono mmoja, kizoleo mkono wa pili, na mfuko mweusi wa taka ameuchomeka kiunoni. Anaegemea ukuta, chini ya taa ndogo ya kutokea, anainua macho kwenye skrini.

Watu kama mia mbili wamekaa mbele yake wakitazama sehemu ya tatu, na ya mwisho, ya filamu ya dereva wa treni. Wao wameanza nayo tangu saa saba. Yeye anaanza sasa, na zimebaki dakika kumi.

"Ndivyo kazi yetu ilivyo," anasema baadaye, taa zikiwa zimewashwa naye ameinama kati ya viti akizoa bisi. "Kati ya onyesho na onyesho tuna robo saa tu. Ukingoja watu watoke ndipo uingie, umeshachelewa. Kwa hiyo tunaingia mapema, tunasimama. Kukaa hatukai."

Ana miaka hamsini, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia katika jumba hili la sinema. Wenzake wamembandika jina la Mama Tamati, kwa sababu ameona mwisho wa kila filamu iliyopita ukumbini humu na hajaona mwanzo wa hata moja. Mshahara wake unatosha kodi ya chumba na sebule, chakula, na dawa za mume wake. Siku yake ya mapumziko ni Jumanne, na Jumanne ni siku ya kliniki.

Ukitaka kujua sehemu ya tatu ya filamu ni nzuri au mbaya, usiwaulize wachambuzi, muulize yeye. Hupima kwa sakafu. Ikiwa nzuri, anakuta pakiti za bisi zimejaa nusu, maana watu wamesahau kula, na karatasi laini za kufutia machozi kila safu. Tena hawatoki. Wanakaa wakitazama majina yakipanda, hana pa kupitisha fagio.

"Sehemu ya tatu mbovu naijua kabla sijafika ukutani," anasema. "Nakuta sura zinang'aa kwa mwanga wa simu. Pakiti zote tupu. Wengine wananipita mlangoni wakitoka, wananiambia pole."

Na ipi anaipenda kuliko zote? Hapo anatua fagio na kucheka, kwa sababu jibu lake ndilo lililomletea mume.

Mwaka wake wa kwanza kazini ilionyeshwa sehemu ya tatu ya filamu ndefu ya vita. Alisimama palepale ukutani akamwona mzee mmoja akifa peke yake mlimani, mvua ikimnyeshea, hana hata wa kumshika kichwa. Mama Tamati alilia mpaka fagio likamdondoka. Alipojifuta macho akagundua kwamba ukumbi mzima unapiga makofi.

Juu, kwenye kidirisha cha chumba cha mashine, kulikuwa na mtu anayemtazama. Mwendesha mashine huyo, ambaye hadi leo wote humwita Fundi, alishuka ngazi mbio.

"Nilimwambia, dada samahani, huyo uliyemlilia ndiye aliyechoma kijiji kizima kwenye sehemu ya kwanza," anakumbuka Fundi. "Akanijibu, mimi sikumwona akichoma, nimemwona akifa peke yake. Kesho yake nikarudi na chai."

Hawakumaliza mwaka wakaoana. Kuanzia hapo, kila filamu mpya ilipoingia, Fundi alimkalisha mkewe kwenye ngazi za mlango wa nyuma na kumsimulia mwanzo kwa mdomo na mikono, ili akienda kusimama ukutani ajue nani ni nani. Mwandishi wa makala haya ameolewa pia, na anakiri kwamba alisikia wivu kidogo.

Kisha sukari ikamwingia Fundi machoni. Ilianza na ukungu, ikaja kuwa vivuli, na sasa ni mwaka wa tano tangu aache kazi. Haoni kabisa. Ana miaka hamsini na saba, na siku nzima yuko sebuleni na redio.

"Sasa yeye ndiye ananiletea sinema," anasema. "Ila analeta mikia mitupu. Vichwa nabuni mwenyewe."

Kwa miaka mitano mikia hiyo imemtosha. Filamu ya dereva wa treni ndiyo iliyomtoa utulivu. Sehemu ya kwanza, ambayo dereva anamwacha mdogo wake kwenye kituo cha njiani, Fundi aliiwasha kwa mikono yake miaka kumi na moja iliyopita. Ya pili aliiwasha miaka saba iliyopita, macho yakiwa yameanza kumchezea. Inaishia pale treni mbili zinapopishana na ndugu hao kuonana dirishani, kioo kwa kioo.

"Basi, ikakatika hapo," anasema Fundi. "Miaka saba nimewaacha wale vijana dirishani. Unadhani mtu analala?"

Sehemu ya tatu imefika sasa, na itaonyeshwa kwa wiki mbili tu. Binti yao, anayeishi mbali, amejitolea kumtafutia nakala aisikilize kwenye simu. Fundi hataki kusikia habari hiyo. Mbili za kwanza amezionyesha katika ukumbi ule, na hii ataimalizia mulemule.

Tatizo ni kwamba Mama Tamati ameshauona mwisho, mara tatu kwa siku, siku zote alizokuwa kazini. Na mumewe amempiga marufuku kutamka hata neno.

"Mdomo unaniwasha," anasema mama huyo. "Nikirudi nyumbani nikihema tu, ananiambia usiheme hivyo, utaniharibia. Juzi nimekata vitunguu, akaniuliza unalia vitunguu au unalia treni."

Wiki iliyopita Fundi alikuwa kwa kinyozi, jirani ukuta kwa ukuta, mteja mmoja akaanza kusimulia filamu hiyo. Fundi aliziba masikio, akainuka na kutafuta mlango kwa bega. Alirudi nyumbani amenyolewa upande mmoja, na upande wa pili ukangoja mpaka mteja yule aondoke.

Hata hapa dakika hizo kumi hazitaandikwa, kwa sababu Fundi husomewa gazeti.

Wiki iliyopita Mama Tamati alipiga moyo konde, akagonga ofisi ya meneja. Aliomba Jumapili, siku ya mwisho ya filamu hiyo, akae kwenye kiti na mumewe kuanzia mwanzo, amsimulie sikioni kila anachokiona. Meneja alimsikiliza vizuri na kukataa. Siku hiyo ndiyo yenye watu wengi, na wafagizi ni wawili tu.

"Nilitoka pale nikarudi kwenye fagio langu," anasema. "Kumwambia nilishindwa. Siku tatu nilimdanganya kwamba meneja amesafiri."

Aliyeokoa jahazi ni mwenzake wa ukumbi namba moja, mwanamume wanayemwita Mrefu. Alikwenda mwenyewe kwa meneja akasema Jumapili atafagia kumbi zote mbili. Jana jibu likatoka. Wamepewa viti viwili vya safu ya nyuma kabisa, kando ya njia, mahali ambapo mnong'ono hautamkera mtu.

"Dada yangu huyu amenishikia zamu nilipofiwa na mama, wiki nzima, na hakuniambia mpaka leo kwamba alichoka," anasema Mrefu. "Akae tu. Ila nikimkuta amesinzia nitamfagia na yeye."

Nyumbani kwao mazoezi yanaendelea. Mama Tamati anakaa dirishani na kumnong'oneza mumewe yanayopita mtaani, huku redio ikinguruma makusudi. Mwanzoni alikuwa anasema, yule mama masikini amechoka jamani, anasikitisha. Fundi akamkatiza.

"Hapana. Niambie amebeba nini, ameshika mkono upi, anatazama wapi. Wewe niambie kilichopo, kulia nitalia mwenyewe."

Mama Tamati ana hofu moja, na anaisema waziwazi. Katika dakika hizo kumi kuna mtu mmoja ambaye amekuwa akimlilia kila siku, hamjui ni nani wala amefanya nini tangu treni zile zipishane. Jumapili atamjua.

"Na akiwa mtu mbaya?" anaulizwa.

"Nitamlilia hivyohivyo. Nimeshamzoea."

Kinachomtia wasiwasi zaidi ni miguu yake. Miaka kumi na tisa, zikibaki dakika kumi, miguu hiyo inakwenda ukutani. Anaogopa kwamba Jumapili, pale hasa ambapo mumewe amesubiri miaka saba, atajikuta amesimama anatafuta fagio.

Fundi anamsikiliza, kichwa amekiinamisha upande wa sauti yake. Nywele zimelingana sasa. Ananyoosha mkono, anapapasa mpaka anakuta goti la mkewe.

"Nimeshaliwaza hilo," anasema. "Ndiyo maana mimi nitakaa upande wa njia."